Oksijeni na Kaboni Dioksaidi Mwilini, Kutoka Pwani Hadi Kibo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni kweli kwamba kileleni Kilimanjaro oksijeni ni nusu tu?

Sehemu yake ndani ya hewa haibadiliki. Uwe ufukweni Tanga au Uhuru kwenye mita 5,895, oksijeni ni ile ile, karibu asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, na huo mgandamizo ndio unaoisukuma oksijeni itoke kwenye mapafu iingie katika damu. Usawa wa bahari hewa hukandamiza kwa milimita 760 za zebaki. Kileleni ni karibu nusu ya hapo.

Hesabu ya ndani ya mwili ni kali zaidi ya hiyo nusu. Hewa ikishapita puani hulowa, na mvuke wa maji katika joto la mwili huchukua milimita 47 zake popote ulipo. Pwani, 760 ukitoa 47, asilimia 21 ya kinachobaki ni karibu 150. Hiyo ndiyo nguvu ya oksijeni inayoingia mapafuni. Kileleni, ukitoa zile zile 47, nguvu hiyo inashuka hadi karibu 70. Mvuke haupunguzi sehemu yake kwa sababu umepanda mlima, kwa hiyo oksijeni ndiyo inayolipa.

Kwa nini damu inahitaji himoglobini? Si oksijeni ingeyeyuka tu kwenye maji ya damu?

Huyeyuka, ila kidogo mno. Mililita 100 za damu ya ateri hubeba mililita 0.3 tu za oksijeni iliyoyeyuka. Himoglobini, protini iliyo ndani ya seli nyekundu za damu, ndiyo inayobeba mzigo: gramu moja hushika karibu mililita 1.34. Mtu mwenye gramu 15 za himoglobini katika mililita 100 za damu anabeba karibu mililita 20 za oksijeni humo.

Sasa fuata safari. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma karibu lita 5 za damu kwa dakika, maana yake mililita 1,000 za oksijeni hupelekwa kila dakika. Mwili hutumia 250 tu. Damu inarudi moyoni ikiwa bado imebeba robo tatu ya mzigo wake. Akiba hiyo ndiyo inayokuwezesha kukimbilia daladala bila kuzimia, na ndiyo inayoliwa kwanza mtu anapopungukiwa damu, anapopanda mlima au anapougua mapafu. Ndiyo maana wengi hawaoni dalili yoyote hadi hali imekuwa mbaya.

Himoglobini inajuaje ishike wapi na iachie wapi?

Kila molekuli ya himoglobini ina siti nne, na kila siti ina chembe moja ya madini ya chuma. Abiria wa kwanza hupata shida kuketi. Akishakaa, umbo la molekuli nzima hubadilika na siti zilizobaki hukalika kwa urahisi. Wakati wa kushuka ni hivyo hivyo: mmoja akitoka, wengine hufuata haraka. Kwa hiyo ukichora grafu ya kujaa kwa himoglobini dhidi ya nguvu ya oksijeni, hupati mstari ulionyooka. Unapata umbo la S.

Namba hizi zinafaa kukaririwa, kwa sababu zinaeleza karibu kila kitu kinachofuata. Nguvu ya oksijeni ikiwa milimita 100, himoglobini imejaa kwa asilimia 97 au 98. Ikishuka hadi 60, bado imejaa kwa asilimia 90. Ikifika 40, kama ilivyo kwenye vena za mtu aliyetulia, ni 75. Ikifika 27, ni 50. Juu, kutoka 100 hadi 60, ni uwanda: unapoteza nguvu nyingi na mzigo kidogo. Chini ya 60 ni mteremko mkali, na kila milimita unayoipoteza hapo inauma.

Halafu kuna mazingira ya mahali penyewe. Msuli unaofanya kazi hutoa kaboni dioksaidi, hutoa asidi na hupata joto. Vyote vitatu huilegeza himoglobini iachie oksijeni zaidi. Athari ya kaboni dioksaidi ilielezwa na Christian Bohr na wenzake huko Denmark mwaka 1904, na bado ina jina lake. Mapafuni mambo hugeuka: kaboni dioksaidi hutoka, asidi hupungua, himoglobini hushika tena kwa nguvu. Hakuna anayeiamuru. Anayehitaji zaidi ndiye anayetoa taka nyingi zaidi, na taka hizo hizo ndizo zinazofungua mzigo.

Na kaboni dioksaidi inarudi mapafuni kwa njia gani?

Kwa njia tatu. Sehemu ndogo, chini ya moja ya kumi, huyeyuka katika maji ya damu. Kama moja ya tano au zaidi kidogo hushikana na protini, hasa himoglobini, lakini si kwenye siti za oksijeni. Iliyobaki, karibu asilimia 70, husafiri ikiwa imegeuzwa kuwa bikaboneti.

Ugeuzaji huo hufanyika ndani ya seli nyekundu. Kaboni dioksaidi hukutana na maji, na kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi huharakisha mambo hadi yakamilike kwa sehemu ndogo ya sekunde. Bila kimeng'enya hiki damu ingekwisha kupita kwenye kapilari kabla kazi haijaisha. Hupatikana bikaboneti na asidi. Asidi hudakwa na himoglobini iliyokwisha kuachia oksijeni, ambayo ni mdakaji mzuri kuliko ile iliyojaa. Bikaboneti hutoka nje ya seli, na kloraidi huingia kujaza nafasi yake ili umeme wa seli usiyumbe. Mapafuni kila hatua hurudi nyuma: kloraidi hutoka, bikaboneti huingia, kimeng'enya kile kile huirudisha kuwa gesi, nawe unaitoa nje kwa pumzi.

Kikumbuke kimeng'enya hiki. Kinarudi kwenye swali la dawa ya mlimani.

Nikibana pumzi, ni ukosefu wa oksijeni unaonilazimisha nihema?

Hapana, na kosa hili limeua watu majini. Kinachokusukuma kuhema kwa kawaida ni kaboni dioksaidi inayopanda na kuongeza asidi karibu na shina la ubongo. Vipimaji vya oksijeni vilivyo shingoni, penye mgawanyiko wa ateri kubwa, havipigi kelele sana hadi nguvu ya oksijeni ishuke karibu na 60.

Mzamiaji anayepumua harakaharaka mara 20 kabla ya kuzama hafanyi "akiba ya hewa". Himoglobini yake ilikuwa imeshajaa kwa asilimia 97. Haina pa kuongezea. Alichofanya ni kufukuza kaboni dioksaidi, yaani amekizima king'ora. Chini ya maji, kwenye kina cha mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya wa juu, hivyo oksijeni iliyobaki mapafuni huonekana inatosha naye anajisikia vizuri. Anapopanda, mgandamizo huo unapungua hadi nusu, nguvu ya oksijeni inaporomoka, na anazimia akiwa mita chache tu kutoka juu, bila kuhisi hamu ya kuhema. Kwa wanaopiga mbizi kutafuta pweza au majongoo bahari kwa pumzi zao wenyewe, utaratibu ni huu: vuta pumzi za kawaida, usizipige haraka, pumzika juu ya maji angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, na asizame mtu bila mwenzake kubaki juu akimwangalia hadi dakika moja baada ya kuibuka.

Mwili hufanya nini ukiwa mazoezini?

Huongeza kila kitu kwa pamoja. Hewa inayoingia na kutoka mapafuni hupanda kutoka lita 6 hivi kwa dakika hadi kupita 100. Moyo hupanda kutoka lita 5 hadi 20 au 25 kwa mtu aliyejizoeza. Na misuli, badala ya kuchukua robo ya mzigo, huchukua robo tatu au zaidi.

Kuna jambo moja ambalo watu hulipita. Seli nyekundu inapopita kwenye kapilari ya mapafu hukaa robo tatu ya sekunde, na kujaa oksijeni huchukua kama robo moja tu ya sekunde. Kuna muda wa ziada. Ukikimbia sana, damu huenda mbio na muda huo unakatika, lakini usawa wa bahari bado unatosha. Mlimani, nguvu inayosukuma oksijeni ni ndogo, ujazaji unakuwa wa polepole, na muda hautoshi. Ndiyo maana mtu ambaye kipimo cha kidole, kifaa kinachoonyesha himoglobini imejaa kwa asilimia ngapi, kinamsoma 85 akiwa amekaa anaweza kushuka hadi 70 na kitu akiharakisha hatua 50 tu. "Pole pole" ya waongozaji wa Kilimanjaro ni fiziolojia kamili.

Nikikaa Iten au Arusha nitapata damu nyingi zaidi?

Iten, mji wa Kenya, uko karibu mita 2,400, nayo inatosha kuuamsha mwili. Arusha, karibu mita 1,400, haina athari kubwa. Figo huongeza erithropoietini, homoni inayochochea kutengenezwa kwa seli nyekundu, ndani ya saa chache, lakini seli mpya huhitaji siku kadhaa kukomaa kwenye uboho, na ongezeko la maana huchukua wiki tatu hadi nne. Anayepima himoglobini siku ya tatu na kufurahi kwamba imepanda anajidanganya: amekojoa maji mengi, damu imekuwa nzito tu. Na bila madini ya chuma ya kutosha hakuna kitakachojengwa. Pima ferritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini, kabla ya kwenda.

Napanda Kibo kwa njia ya Marangu. Mwili utazoea kwa siku tano?

Wengine huzoea. Wengi hufika juu wakiwa wagonjwa, na mpangilio wenyewe unaonyesha sababu. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Vituo vya kulala vya njia hii ni Mandara kwenye mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo Hut 4,720. Kila siku mita 1,000, mara mbili ya kiwango. Tunashauri bila kusita: lipia usiku wa pili Horombo. Mchana wa siku hiyo panda hadi mita 4,000 na kitu kuelekea kilele cha Mawenzi, kisha rudi ulale chini.

Kinachotokea ndani kinafuata mpangilio huu. Saa za kwanza, vipimaji vya shingoni vinaona oksijeni imeshuka na unahema zaidi. Kuhema huko kunafukuza kaboni dioksaidi, damu inapoteza asidi, na shina la ubongo linakataa: "punguza." Ni mvutano wa amri mbili, na usiku unausikia hemani: mwenzako anahema kwa nguvu, halafu kimya sekunde 10 au zaidi, halafu anashtuka na kuhema tena. Kwa mtu asiye na dalili nyingine hilo si ugonjwa. Kadiri siku zinavyokwenda figo hutupa bikaboneti kwenye mkojo, asidi hurudi mahali pake, na mwili huruhusiwa kuhema inavyotakiwa. Kazi ya figo huchukua siku kadhaa, wala haiharakishwi kwa ujasiri.

Huharakishwa kwa kiasi fulani na asetazolamidi, ambayo wengi huiita Diamox. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inazuia kile kimeng'enya tulichokitaja, hasa kwenye figo, bikaboneti inatoka, damu inapata asidi kidogo, nawe unahema vizuri hata usingizini. Utakojoa mara nyingi, vidole vitawasha kama ganzi, na soda itaonekana imeoza au imeisha gesi: kimeng'enya hicho hicho kiko pia kwenye ulimi. Mwenye mzio mkali wa dawa za salfa amwone daktari kwanza.

Dalili gani zinaniambia nishuke mara moja?

Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi maana yake usipande zaidi hadi vipungue. Lakini mtu anayehema kwa shida akiwa amekaa, anayekohoa makohozi yenye povu, au anayeyumba kama mlevi, huyo anashuka sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku na kilele kinaonekana. Mwambie atembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, ubongo umevimba. Ashushwe mita 300 hadi 1,000, au hadi apate nafuu, asiachwe peke yake hata dakika moja, na mtungi wa oksijeni utumike wakati wa kushuka. Kumwekea oksijeni na kumsubirisha juu hadi asubuhi ni kosa.

Mtoto ana malaria na anahema haraka, lakini kipimo cha kidole kinasoma 99. Si yuko salama?

Hapana. Tafadhali lisome jibu hili mara mbili.

Kipimo cha kidole kinaangalia siti ngapi zimejaa kati ya zilizopo. Hakihesabu siti zenyewe. Mtoto mwenye himoglobini ya gramu 5, zote zikiwa zimejaa kwa asilimia 98, anabeba mililita 6.6 za oksijeni katika mililita 100 za damu. Mwenzake mwenye gramu 12 anabeba karibu 16. Wote wawili wanasoma 98 kwenye kidole. Ndiyo maana wa kwanza anahema haraka na moyo unakimbia: mwili unajaribu kuzungusha damu chache mara nyingi zaidi.

Wala usisubiri midomo igeuke bluu. Ubluu huonekana pale gramu 5 hivi za himoglobini zinapokuwa tupu, na mtoto huyu ana gramu 5 kwa jumla. Angalia weupe wa viganja, wa ndani ya kope na wa ulimi. Pima himoglobini. Kwa mtoto, chini ya gramu 4 ni kuongezewa damu. Kati ya 4 na 6 huongezewa akiwa na dalili za hatari kama kuhema kwa shida au kupoteza fahamu. Oksijeni ya mtungi haidhuru, ila haiongezi siti.

Jiko la mkaa chumbani linaua vipi, na kwa nini aliye ndani hakimbii?

Mkaa unaowaka penye hewa finyu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushika siti za oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mbaya zaidi, siti mbili zikishikwa na gesi hiyo, zile mbili zenye oksijeni hukaza: haziachii zikifika kwenye ubongo. Kwa hiyo aliyepoteza nusu ya siti kwa mkaa yuko pabaya kuliko aliyepungukiwa nusu ya himoglobini.

Hakimbii kwa sababu king'ora hakilii. Kaboni dioksaidi yake haijapanda, na oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya damu ni ya kawaida, hivyo vipimaji vya shingoni havioni tatizo. Anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, analala. Kipimo cha kidole nacho kinadanganyika: kinaona damu nyekundu na kusoma 98.

Ukikuta watu wamelala penye jiko au jenereta: fungua milango na madirisha yote, watoe nje, wasipopumua waanzishie pumzi za kuwasaidia, na wapelekwe hospitali hata wakizinduka. Maziwa hayaiondoi gesi hii. Kwa hewa ya kawaida nusu yake hutoka kwa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni safi ya barakoa yenye mfuko, saa moja hadi moja na nusu. Mjamzito atibiwe kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu gesi hukaa kwa kijusi baada ya mama kuonekana mzima.

Mtoto tumboni anapumuaje?

Anaishi katika hali ya mlimani. Damu inayomfikia kutoka kwenye kondo ina nguvu ya oksijeni ya milimita 30 hivi, lakini himoglobini yake si ya mtu mzima: hujaa nusu kwenye milimita 20 badala ya 27, kwa hiyo kwenye 30 imeshajaa kama asilimia 80. Hivyo humnyang'anya mama mzigo bila ugomvi. Himoglobini hii hubadilishwa na ya kikubwa katika miezi sita ya mwanzo baada ya kuzaliwa, na ndiyo sababu mtoto mwenye selimundu mara nyingi huanza kuugua anapokaribia umri huo. Himoglobini ya selimundu, ikishaachia oksijeni, hushikana na kuwa nyuzi, na seli hupinda. Dawa ya haidroksiyurea husaidia kwa kuirudisha kwa sehemu ile himoglobini ya utotoni. Mwenye selimundu asipande Kibo, anywe maji ya kutosha, na ajikinge na baridi.

Kuna wagonjwa ambao oksijeni nyingi huwadhuru?

Ndiyo, hasa wenye ugonjwa sugu wa mapafu kutokana na sigara au moshi wa kuni wa miaka mingi. Ukiwajaza oksijeni, damu huelekezwa kwenye sehemu za mapafu zisizopata hewa, himoglobini iliyojaa hushindwa kubeba kaboni dioksaidi, na gesi hiyo hulundikana hadi mgonjwa anasinzia. Lengo lao kwenye kipimo cha kidole ni 88 hadi 92. Mgonjwa wa namna hii mwenye 99 aliyeanza kusinzia hajapata nafuu.

Nina kipimo cha kidole nyumbani. Nikitumieje?

Kaa kimya dakika tano. Pasha mikono joto. Kidole cha baridi hakipitishi damu ya kutosha. Ondoa rangi ya kucha, na kama kidole kina piko, tumia kingine, kwa sababu weusi wake huziba mwanga mwekundu ambao kifaa kinautegemea. Weka kidole cha kati, kiganja kikiwa juu ya meza, na usisome namba ya kwanza: subiri hadi itulie, nusu dakika au zaidi. Kisha hesabu mapigo mwenyewe kwenye kifundo cha mkono. Yasipolingana na ya kifaa, tupa namba zote mbili na uanze upya.

Kwenye ngozi nyeusi vifaa vingi husoma juu ya ukweli kwa pointi chache, kwa hiyo 92 ya kifaa inaweza kuwa 89 halisi. Kwa mtu mzima aliye karibu na usawa wa bahari, chini ya 90 ni hospitali sasa. 90 hadi 94 ni kuonwa siku hiyo hiyo. Mtu mzima anayehema mara 30 kwa dakika aende hospitali bila kujali kifaa kinasema nini.